Maziwa Yenye Maji na Muhogo wa Siku Moja

Wakatekumeni wapenzi, ninyi mnaojitayarisha kuupokea Ubatizo Mtakatifu, mmekwisha kujifunza Amri Kumi za Mungu, nanyi mwazisema kwa moyo mbele ya katekista bila kukosa neno. Mkiulizwa Amri ya Saba yakataza nini, mwajibu upesi kwamba yakataza wizi. Mkiulizwa tena mwizi ni nani, mwasema ni yule anayevunja nyumba usiku, anayechukua mbuzi wa mwenzake, anayechimba viazi katika shamba lisilo lake. Mmejibu vema. Lakini leo nataka kuwaonyesha mwizi mwingine, asiyevunja mlango wala kungojea giza. Huyu huja mchana. Husalimu kwa adabu, huuliza habari za watoto, hupokea fedha mkononi mwa mama, na mama humwambia asante. Ni yule anayeuza chakula alichokiharibu kwa hila.

Tuanze na maziwa, maana sisi wa Kingi, kama jirani zetu wote wa milima ya Masisi, twayajua maziwa kuliko tunavyojua mambo mengi. Ng'ombe hukamuliwa alfajiri, ukungu ungali umelala bondeni. Maziwa humiminwa katika bidoni. Mengine huenda kwa wale wanaotengeneza jibini, ile jibini ya Masisi inayosifiwa hata Kinshasa. Mengine huteremshwa kwa baiskeli au pikipiki kwenda kuuzwa sokoni na mjini, siku zile ambazo vita havikuifunga njia.

Sasa fikirini kijana mmoja aliyetoka zizini na lita 20 za maziwa. Njiani pana kijito. Anatazama nyuma, anatazama mbele, haoni mtu. Anafungua bidoni, anatia lita 4 za maji, anafunga, anakwenda zake. Afikapo sokoni ana lita 24. Moyoni mwake anajiambia: "Nimemwibia nani? Maji ni ya Mungu." Haya, hesabuni pamoja nami. Kila mama aliyenunua vikombe sita amelipa fedha ya vikombe sita, naye amepata vikombe vitano vya maziwa na kikombe kimoja cha kijito. Fedha ya kikombe hicho imeibwa, sawasawa kama kijana yule angaliingiza mkono katika kitambaa ambamo mama hufunga akiba yake.

Walakini fedha ndiyo hasara iliyo ndogo. Mama yule alinunua maziwa kwa ajili ya mtoto aliyeachishwa ziwa, ili apate nguvu, na nguvu iliyonunuliwa haikufika. Ninyi nyote mwaujua ugonjwa wa bwaki. Miguu yavimba, nywele zageuka rangi na kuwa nyepesi, uso wajaa kana kwamba mtoto ameshiba, kumbe anakufa njaa. Bwaki huwapata hasa watoto wanaokosa chakula cha kujenga mwili, kama maziwa, maharagi, mayai, nyama na samaki. Mama wa mtoto huyo hakuwa mvivu wala mchoyo. Alipoulizwa na muuguzi alijibu kwa haki kwamba mtoto wake hunywa maziwa kila siku. Muuguzi akaenda kutafuta ugonjwa mwingine, kwa maana udanganyifu uliofanyika kijitoni ulikuwa umemdanganya hata yeye.

Tena, maji yale ni maji gani? Ni maji ambamo ng'ombe wamepita na watu wameoga. Huchukua wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wale wanaoleta homa ya matumbo, kuhara damu na kipindupindu. Wazee wetu wakumbuka mwezi wa Julai 1994 pale Goma, jinsi kipindupindu na kuhara damu vilivyowaua wakimbizi maelfu kwa maelfu katika majuma machache. Wadudu hao wakiingia katika maziwa hupata chakula kizuri, nao huongezeka humo wakati wa joto la mchana. Kwa sababu hiyo waganga hutuambia tuchemshe maziwa. Fanyeni hivyo kila siku, hata kama maziwa yametoka kwa ng'ombe wenu wenyewe, maana ng'ombe aliye mzima machoni aweza kuwa na kifua kikuu, au ule ugonjwa wa kutupa mimba ambao ukimwingia mtu humletea homa ya kurudia-rudia. Lakini jueni kwamba moto huua wadudu tu. Haugeuzi maji yakawa maziwa.

Labda mtu atasema: "Basi wanunuzi wawe na kipimo." Kipimo kipo, nacho ni cha busara. Lita 1 ya maji yapima kilo 1; lita 1 ya maziwa halisi yazidi kidogo, karibu gramu 30. Kwa hiyo wataalamu wamefanya kijiti cha kioo chenye alama, ambacho huelea juu ya maziwa. Katika maziwa halisi chasimama juu. Katika maziwa yenye maji chazama zaidi. Mimi hukipenda sana kijiti hicho, kwa kuwa hakimwogopi mtu wala hakipokei rushwa. Lakini moyo wenye hila hutafuta njia ya kukishinda hata kioo. Akiona kwamba maziwa mepesi yatamsaliti, mtu hutia unga kidogo ili yawe mazito tena. Na akisha kutia cha pili, hata cha tatu atakitia.

Hivyo ndivyo ilivyotokea katika nchi ya Uchina, na habari zake zikajulikana ulimwengu mzima mwaka 2008. Watu walitia maji katika maziwa. Viwanda vilikuwa na kipimo chao: vilitafuta naitrojeni, ambayo ni moja ya vitu vinavyofanya chakula cha kujenga mwili, na maziwa yenye maji yalikuwa na naitrojeni pungufu. Basi wakatia melamini, unga mweupe utumiwao kutengenezea sahani ngumu za plastiki, kwa sababu una naitrojeni nyingi. Kipimo kikasema maziwa ni mazuri. Maziwa hayo yakafanywa ya unga, yakauzwa madukani, mama wakawanywesha watoto wachanga, na melamini ikafanya mawe ndani ya mafigo yao. Watoto karibu 300,000 waliugua, na 6 wakafa. Angalieni ilipoanzia dhambi hiyo kubwa. Ilianzia kijitoni, kwa maji matupu.

Nimesema habari za kutia. Sasa nataka kusema habari za kupunguza, na hapa nawaomba msikilize sana, kwa sababu watu wengi wema hukosa katika neno hili bila hata kulihesabu kuwa ni kosa. Chakula chaweza kuharibiwa pasipo kutiwa kitu chochote. Ndani ya kapu la unga wa muhogo kuna kitu ambacho macho hayakioni wala mizani haikipimi, nacho ni siku.

Muhogo mchungu una sumu. Ndivyo ulivyoumbwa, na sumu hiyo huulinda shambani usimalizwe na wanyama. Babu zetu waliijua, ingawa hawakujua jina lake. Ndiyo maana walilaza muhogo majini siku tatu, hata ukalainika na kutoa harufu, kisha wakauanika juani, wakautwanga. Siku tatu zile hazikuwa desturi tupu ya wazee. Ndani ya maji muhogo huchacha, na sumu yake, ambayo waganga huiita sianidi, hufunguliwa, ikatoka pamoja na maji na hewa. Ukiutoa muhogo siku ya kwanza, sumu nyingi ingali ndani.

Katika nchi ya Kwango, upande wa kusini-magharibi wa Kongo yetu, kuna ugonjwa uitwao konzo. Daktari Trolli aliuandika katika kitabu mwaka 1938. Jina lenyewe ni la Wayaka, nalo lamaanisha miguu iliyofungwa, na kweli ndivyo ilivyo. Mtu hulala akiwa mzima, na asubuhi atakapo kusimama miguu imekakamaa, yote miwili pamoja. Tangu siku hiyo atembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, akiegemea fimbo; wengine hawasimami tena kabisa, hutambaa. Akili yake haikuguswa. Huwapata hasa watoto, na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Na dawa ya kuwarudishia miguu yao haijapatikana. Watu wengi walipoona jambo hilo, bila homa wala jeraha, walisema ni uchawi. Nanyi mwajua ni nani hushitakiwa uchawi unapotajwa kijijini: ni bibi kizee asiye na mtoto wa kumtetea.

Baadaye waganga wa Kongo wakishirikiana na wenzao wa Uswidi walichunguza kwa subira, wakaona kwamba mambo yalibadilika baada ya barabara ya lami kufunguliwa kwenda Kinshasa. Malori yalikuja kununua muhogo. Zamani mama wa kijijini aliulaza siku tatu kwa kuwa hakuna aliyemharakisha. Sasa lori lilikuwa likingoja, mnunuzi alikuwa na haraka, na fedha ilionekana. Siku tatu zikawa mbili, na mbili zikawa moja. Mji ulikula muhogo huo pamoja na samaki na nyama na vyakula vingi, usiumie sana, kwa maana chakula cha namna hiyo humpa mtu nguvu ya kuiondoa sumu mwilini. Kijijini walikula muhogo uleule juma zima, na majani yake tu pembeni. Basi watoto wa wale waliouza ndio waliofungwa miguu.

Mimi siwahukumu mama wale. Hakuna aliyewaambia kwa nini siku ni tatu. Walirithi hesabu bila maelezo yake, na hesabu isiyo na maelezo huachwa upesi fedha inapokuja. Lakini ninyi sasa mmeambiwa. Wala msiseme Kwango ni mbali. Mwaka 2011 waganga waliandika kwamba konzo imeonekana hata Kivu ya Kusini, katika nchi iliyochoshwa na vita, ambako watu walikula muhogo karibu peke yake.

Hapa Kingi ni juu, kuna baridi. Udongo wetu hupenda viazi, maharagi na mahindi kuliko muhogo. Unga wa muhogo twaletewa kutoka mabondeni. Mama anayeununua hakuliona shimo la maji ambamo ulilazwa. Akiutazama hawezi kuzihesabu siku, kwa kuwa unga wa siku moja na unga wa siku tatu wote ni mweupe, na pengine ule wa siku moja ndio unaompendeza zaidi, kwa sababu haunuki. Amtegemea muuzaji tu. Muuzaji anayejua, naye akanyamaza, ameuza siku tatu na ametoa moja. Siku mbili ameziiba, na aliyeibiwa hatajua mpaka miguu ya mtoto itakapomwambia.

Ikiwa hamjui unga wenu umetoka wapi, iko njia rahisi iliyofundishwa katika vijiji vya Kwango tangu mwaka 2010, nayo haitaki fedha. Tieni unga katika beseni, mkausawazishe, mkatie alama ndani ya beseni mahali unga ulipofika. Ongezeni maji kidogo kidogo mkikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda mpaka urudi penye alama. Hapo acheni kutia maji. Utandazeni juu ya jamvi safi, unene wake usizidi sentimita 1, muuache juani kwa saa 2, au kivulini kwa saa 5. Sumu huruka hewani. Halafu pikeni ugali siku ileile, msiulaze unga uliolowa. Mama wanaofanya kazi hii hupata saa 2 za kuzungumza wakiwafukuza kuku, wala hilo si hasara.

Mambo mengine nitayapita upesi. Mahindi yaliyoota ukungu msiyachanganye na mahindi mema ili yapate kuuzika. Mwaka 2004 katika Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, na 125 wakafa, maana sumu hiyo huharibu ini na kupika hakuiondoi. Msifikiri pia kwamba mtampa ng'ombe mahindi hayo na mambo yakaishia kwake: sumu hupita ikaingia katika maziwa. Mafuta ya mawese nayo yana rangi yao nyekundu ambayo Mungu ameitia kwa faida ya macho yetu. Mwaka 2015 wakaguzi wa serikali ya Ghana walikuta sokoni mafuta yaliyotiwa rangi ya viwandani iitwayo Sudan IV, ambayo hutiwa katika nta na dawa ya viatu, nayo haifai kuingia katika tumbo la mtu kwa kuwa yahofiwa kuleta kansa. Juu ya kanyanga na pombe kali nyingine sitasema mengi. Mwajua nionavyo pombe hizo hata zikiwa safi. Ila kumbukeni Kabale, huko Uganda, si mbali na mpaka wetu, ambako mwezi wa Aprili 2010 watu wapatao 80 walikufa kwa kunywa waragi iliyotiwa methanoli. Methanoli huonekana kama pombe na hunuka kama pombe. Mwilini hugeuka kuwa asidi ipofushayo macho kwanza, ndipo huua.

Je, Mungu amesema nini juu ya biashara ya namna hiyo? Amesema zamani sana. Katika nchi ya Israeli, miaka zaidi ya 700 kabla ya kuzaliwa Bwana wetu Yezu Kristu, alikuwapo mchungaji mmoja wa Tekoa, jina lake Amosi. Hakuwa mtoto wa manabii wala hakusoma sana; alichunga mifugo milimani, kama wengi wenu. Mungu alimtuma kwa wafanya biashara waliokuwa wakishika sabato kwa midomo, huku mioyoni mwao wakiuliza itakwisha lini ili wafungue maghala. Walipunguza kipimo cha nafaka, wakaongeza uzito wa mizani ya fedha, na makapi ya ngano, yale yafaayo kupeperushwa, wakawauzia masikini pamoja na nafaka. Amosi aliwaambia kwamba Mungu ameapa hatalisahau hata moja la matendo yao. Nabii Isaya naye aliulaumu mji wa Yeruzalemu kwamba divai yake imetiwa maji. Mwaona basi kwamba kijana wetu wa kijitoni ana ndugu wa zamani.

Liko jambo moja linalonihuzunisha kuliko hayo ya Amosi. Wale wa zamani walikuwa matajiri wakiwaibia masikini. Kwetu, mara nyingi, masikini humwibia masikini. Aliyetia maji ana njaa. Aliyenunua maji ana njaa zaidi. Katika miaka hii ya vita watu wengi wamekimbia makwao, mashamba yamebaki bila wenyewe, na mtu aliyelala nje siku tatu hanusi unga wala hatazami rangi ya mafuta, hununua chochote kinachojaza sufuria. Kumharibia chakula mtu kama huyo ni kuvunja Amri ya Saba, kwa kuwa fedha yake imeibwa. Na ya Nane, kwa kuwa amedanganywa. Na ikiwa muuzaji ajua kwamba kitu kile chaweza kuua, ameigusa Amri ya Tano. Mnunuzi mkubwa naye asijidhanie safi. Akimshusha bei mwenye ng'ombe mpaka hapati hata fedha ya chumvi, kisha akashangaa kuona maji ndani ya bidoni, na ajiulize ni nani aliyemwonyesha mwenzake njia ya kijitoni.

Nilipofundisha habari hizi, mwanafunzi mmoja, kijana mwenye macho makali, aliinua mkono akaniuliza: "Lakini Padri naye hutia maji katika divai, nimemwona mwenyewe." Wenzake walicheka, mimi nikafurahi, kwa maana ndiye peke yake aliyekuwa ametazama vizuri katika Misa. Nilimjibu hivi. Padri hutia tone dogo, mbele ya watu wote, bila kuficha, nalo ni ishara kwamba sisi wanadamu tumeunganishwa na Kristu. Hakumpunja mtu, wala hauzi. Vilevile mama anayeongeza maji katika mchuzi kwa sababu wageni wamefika hakutenda dhambi. Kila mtu mezani ajua, na mgeni mwenye adabu husifu mchuzi. Hila ndiyo dhambi. Lile tendo linalongoja pasiwe na mtu njiani.

Tena nikamwambia jambo ambalo hakulijua. Ekleziya ina sheria juu ya chakula cha altare. Kanuni ya 924 yaamuru kwamba mkate wa Misa uwe wa ngano tupu, tena uliotengenezwa karibuni ili usiwe na hatari ya kuharibika, na divai iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Unga wa mahindi haufai, wala wa muhogo, wala juisi ya ndizi, hata kama kanisa ni masikini. Bwana wetu alichagua kujificha katika chakula, naye ataka chakula hicho kiwe kile ambacho jina lake lasema. Ninyi mtakapobatizwa mtakikaribia. Mikono itakayopokea Mwili wa Kristu asubuhi ya Dominika ndiyo hiyohiyo itakayoshika bidoni Jumatatu.

Sasa ni neno la kurudisha. Katekista amewafundisha kwamba mwizi hapati maondoleo kwa kusema tu "nimekosa" na kuendelea kula alichoiba. Zakayo, aliyekuwa mkubwa wa watoza ushuru, alipompokea Yezu nyumbani mwake hakutoa machozi peke yake. Alitoa nusu ya mali yake kwa masikini, na wale aliowapunja akaahidi kuwarudishia mara nne. Basi anayeuza chakula naye hana budi kurudisha. Jambo hili huwa gumu, kwa sababu maziwa yamekwisha kunywewa na mnunuzi amekwenda zake.

Kijana mmoja aliyekuwa akifuata mafundisho alinijia jioni, wengine walipokuwa wamekwisha kwenda. Alikuwa mchukuzi wa maziwa. Aliniambia: "Mwalimu, kijito kile nakijua." Nikanyamaza. Akaendelea: "Niwarudishie nani? Niliuza njiani, niliuza sokoni, sijui majina yao, na wengine wamekimbia vita." Nikamwuliza alifanya hivyo muda gani. Akasema tangu mavuno ya maharagi, siku nne katika juma. Tukakaa chini na kuhesabu kwa punje za mahindi. Nikamweleza mafundisho ya Ekleziya: mwenye mali akijulikana, arudishiwe yeye mwenyewe, asipojulikana wala hawezi kutafutwa, mali hiyo haiwi ya mwizi, yatolewa kwa masikini. Mtu akishindwa kutoa yote pamoja, atoe kidogo kidogo kwa uaminifu, naye asijipunguzie hesabu. Wale wawili watatu aliowakumbuka kwa majina alikwenda kwao, na mmoja alimtukana mbele ya watu, naye akavumilia. Kwa ajili ya waliobaki aliamua kupeleka maziwa, kila juma, kwa watoto wenye bwaki katika kituo cha afya, mpaka punje zote zitakapokwisha.

Siku ya kwanza alifika na bidoni yake, akaieleza sababu bila kuficha. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akaenda ndani akaleta kile kijiti cha kioo, akakitumbukiza katika maziwa mbele yake. Wote wawili wakainama kutazama. Kijiti kilipanda, kikasimama mahali pake.